Kulipia Harusi kwa Kadi ya Mkopo: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Harusi hulipiwa muda mrefu kabla haijafika. Mwenye ukumbi anataka arbuni, mpiga picha anataka arbuni, fundi wa gauni naye vilevile, na wewe unatoa pesa leo kwa kitu utakachokiona baada ya mwaka mzima. Katika kipindi hicho cha kungoja, lolote laweza kutokea. Kadi ya mkopo ina kazi kubwa hapo: ukilipa kwa kadi na mtu asitimize ahadi, una mlango wa kugonga. Lakini wengi huichukua kwa kazi nyingine kabisa, wakidhani ni pesa za harusi zilizopatikana, na miaka miwili baadaye bado wanalipia maua yaliyonyauka siku ya pili yake.

Mimi na mke wangu tulilipa zaidi ya nusu ya gharama zetu kwa kadi na hatukulipa riba hata kidogo. Haikuwa bahati. Tulifuata mpangilio huu ninaouandika, na pale tulipoteleza nitasema.

Hatua ya 1: Jueni pesa itatoka wapi

Kabla kadi haijaguswa, kaeni wawili na mwandike kila gharama kwenye daftari. Mbele ya kila gharama andikeni jibu la swali moja: pesa ya kuilipa iko wapi? Majibu ni matatu tu. Ipo tayari kwenye akaunti. Au itatoka kwenye mshahara, na mnajua ni wa mwezi gani. Au hamjui.

Gharama za jibu la kwanza zinaweza kupita kwenye kadi bila wasiwasi, kwa sababu deni litalipwa likifika. Za jibu la pili zinahitaji hesabu, nitaieleza. Za jibu la tatu zipunguzeni au mziondoe sasa, wakati bado ni maandishi kwenye karatasi. Pesa mlizoahidiwa na ndugu msiziweke kwenye jibu la kwanza mpaka ziingie mkononi. Ndugu hana ubaya, ila mambo humbadilikia mtu, na benki haitangoja.

Hapo hapo semeni kadi itakuwa ya nani. Mwenye jina kwenye mkataba wa kadi ndiye anayedaiwa, hata kama mchumba wake alipewa kadi ya ziada na ndiye aliyefanya manunuzi yote. Ni mazungumzo magumu kwa watu wanaopendana, lakini ni heri myafanye sasa.

Hatua ya 2: Isome kadi yako upya

Chukua stetimenti ya mwezi uliopita, yaani taarifa ya benki inayoorodhesha manunuzi na deni lako la mwezi, pamoja na mkataba wa kadi. Tafuta haya: riba ya mwaka, kikomo cha mkopo, tarehe ya kufungwa kwa stetimenti, tarehe ya mwisho ya kulipa, na ada ya kutumia kadi kwa fedha za kigeni.

Tarehe mbili hizo ndizo zenye faida iliyojificha. Tuseme stetimenti yako hufungwa tarehe 5 na mwisho wa kulipa ni tarehe 26. Ukilipia ukumbi tarehe 4, deni linaingia kwenye stetimenti ya kesho yake, na una siku 22 tu. Ukingoja ukalipa tarehe 6, deni linaingia kwenye stetimenti ya mwezi unaofuata, na tarehe yako ya kulipa ni 26 ya mwezi huo. Umepata siku 50 hivi bila riba kwa kuchelewa siku mbili. Malipo makubwa yote tuliyapanga hivyo, siku moja au mbili baada ya stetimenti kufungwa, na katikati yake mishahara miwili ikawa imeingia.

Kuna sharti ambalo wengi hawalijui. Kwa kadi nyingi, hizo siku zisizo na riba ni za mtu aliyelipa stetimenti iliyopita yote, bila kubakiza. Ukiwa na deni la zamani unalolivuta mwezi hadi mwezi, kila kitu kipya unachonunua huanza kutozwa riba tangu siku ya kununua. Kwa hiyo kama kadi yako ina deni la nyuma, lilipe kwanza au tumia kadi nyingine iliyo safi. Usichanganye arbuni ya ukumbi na deni la simu ya mwaka jana.

Na ikiwezekana, kadi moja iwe ya harusi peke yake. Mafuta ya gari na matumizi ya nyumbani yapite kwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari, na stetimenti yenye mambo ya harusi tu ni daftari linalojiandika lenyewe.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya riba kwa mkono wako

Hii ni kwa gharama za jibu la pili, zile zitakazolipwa kwa mishahara ijayo. Usiridhike na asilimia iliyoandikwa kwenye mkataba, kwa sababu asilimia haiumi mpaka uigeuze kuwa pesa.

Tuseme harusi imeacha deni la 100,000 kwa fedha yoyote unayotumia, na riba ni asilimia 24 kwa mwaka, yaani 2 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni 2,000. Kama unalipa 2,500 kila mwezi, 2,000 yote inamezwa na riba, na deni lenyewe linapungua kwa 500. Umebana matumizi, umelipa kwa wakati, na deni limeshuka kutoka 100,000 hadi 99,500. Ukiendelea hivyo utamaliza baada ya miezi 82, karibu miaka saba, na utakuwa umelipa zaidi ya 203,000. Harusi moja, bei ya mbili.

Sasa ongeza. Ukilipa 5,000 kwa mwezi, unamaliza kwa miezi 26 na riba yote ni kama 29,000. Ukilipa 10,000, ni miezi 12 na riba ni kama 12,700. Deni ni lile lile, riba ni ile ile, kilichobadilika ni ukubwa wa lipo la kila mwezi. Ndiyo maana kile kiwango cha chini kabisa kinachoandikwa kwenye stetimenti si cha kufuatwa. Kinakukinga na adhabu ya kuchelewa, basi. Ukikifuata, benki ndiyo inayonufaika.

Andika hesabu yako kwa namba zako halisi: deni, lipo la mwezi, miezi. Kama miezi inazidi 12, mimi ningepunguza harusi. Huo ni uamuzi wangu na najua wapo wasioukubali, lakini mwaka wa kwanza wa ndoa una gharama zake, na kodi ya nyumba haingoji deni la ukumbi liishe.

Hatua ya 4: Ofa za riba sifuri

Baadhi ya benki hutoa kadi mpya zisizo na riba kwa miezi kadhaa ya mwanzo. Kwa harusi ni nzuri sana, ukiitumia kwa nidhamu. Gawa deni kwa idadi ya miezi ya ofa, toa mwezi mmoja wa tahadhari, kisha uiagize benki yako ikate kiasi hicho kila mwezi. Deni la 60,000 kwenye ofa ya miezi 13 ni malipo 12 ya 5,000.

Mambo mawili yaulize kabla ya kusaini. La kwanza, ukichelewa lipo moja, ofa inafutwa? La pili, ofa ikiisha na deni limebaki, riba inaanza siku hiyo, au inahesabiwa kuanzia siku ya kwanza uliyonunua? Aina hii ya pili ipo, hasa kwenye kadi za maduka nchini Marekani, na mtu aliyebakiza kidogo tu hujikuta akitozwa riba ya kipindi chote kilichopita.

Na usiombe kadi tatu kwa mpigo. Kila ombi huacha alama kwenye rekodi yako ya mikopo. Kama mnatarajia kuomba mkopo wa nyumba baada ya harusi, rekodi hiyo mtaihitaji iwe safi.

Hatua ya 5: Muulize kila mtoa huduma anapokeaje kadi

Swali la kwanza: unapokea kadi ya mkopo? La pili: kuna ada ya ziada nikilipa kwa kadi? Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza, tangu Januari 2018 muuzaji haruhusiwi kumtoza mteja ada ya ziada kwa kadi nyingi za kawaida. Kwingine inaruhusiwa, na ada ya asilimia 3 si ajabu.

Hapa ndipo watu wanaofukuzia pointi, yaani zawadi ambazo kadi humpa mtu kwa kila anachonunua, huumia. Kama kadi yako inakurudishia asilimia 1 na mpambaji anakutoza 3, umepoteza 2. Usilipe ada hiyo kwa ajili ya pointi. Kwa ajili ya ulinzi, hilo ni jambo jingine: asilimia 3 ya arbuni unayomlipa mtu usiyemjua, miezi 10 kabla ya siku yenyewe, mimi nitailipa na nitalala usingizi. Ila malipo ya mwisho, wakati kazi imeshaonekana, mpe kwa njia isiyo na ada.

Hatua ya 6: Lipa arbuni kwa kadi, na utunze ushahidi

Mpambaji wetu alifunga biashara wiki tano kabla ya harusi. Hakutupigia. Tuligundua mke wangu alipopita pale kuchagua vitambaa, akakuta mlango umefungwa kwa mnyororo na karatasi imebandikwa kioo cha ndani. Arbuni ya kwanza tulikuwa tumelipa kwa kadi. Ya pili, kwa sababu alituomba "msaada kidogo", tulikuwa tumempa mkononi. Ya kadi ilirudi yote baada ya miezi miwili hivi. Ya mkononi hatujaiona hadi leo.

Iliyotuokoa ni bahasha moja. Ndani yake kulikuwa na mkataba wenye tarehe ya harusi na orodha ya kazi, risiti ya kadi, stetimenti yenye lipo hilo, na meseji zetu zilizochapishwa, ile ya mwisho ikiwa ni sisi tukiuliza na yeye kimya. Kwa hiyo:

Kila malipo yawe na mkataba ulioandikwa, hata wa ukurasa mmoja, wenye tarehe ya huduma, kiasi kilicholipwa, kilichobaki, na masharti ya kurudisha pesa.

Jina lililo kwenye mkataba lifanane na jina linalopokea pesa. Stetimenti mara nyingi huonyesha jina la kampuni ambalo hukuwahi kulisikia, kwa sababu duka lina jina moja na limesajiliwa kwa jingine. Uliza mapema, andika pembeni ya risiti. Epuka pia kumlipa mtoa huduma kupitia kwa mtu wa kati kama unaweza kumlipa moja kwa moja, kwa sababu mnyororo ukiwa mrefu, ulinzi hulegea.

Ulinzi wenyewe hutofautiana kwa nchi. Uingereza ina kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya wateja ya 1974: kitu cha bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi 30,000 ukikilipia kwa kadi ya mkopo, hata kama ni arbuni tu ndiyo iliyopita kwenye kadi, benki ya kadi inawajibika pamoja na muuzaji kwa bei nzima. Nchi nyingi hazina sheria pana namna hiyo, lakini mitandao ya kadi kama Visa na Mastercard ina utaratibu wake wa kumrudishia mteja pesa ambazo huduma yake haikutolewa.

Utaratibu huo una saa inayohesabu. Kwa kawaida una siku 120 za kulalamika, zinazohesabiwa tangu siku huduma ilipotakiwa kutolewa, na pia kuna ukomo wa siku 540 tangu siku ya malipo. Kwa harusi, ukomo huo wa pili ni muhimu kuliko unavyodhani. Siku 540 ni kama miezi 18. Mtu anayelipa ukumbi miaka miwili kabla anaweza kujikuta yuko nje ya muda kabla hata harusi haijafika. Arbuni za mbali sana ziwe ndogo, na malipo makubwa yasogee karibu na siku yenyewe.

Hatua ya 7: Benki ijue kabla

Lipo la mwisho la ukumbi nilikwenda kulifanya mwenyewe, mchana, watu watatu nyuma yangu kwenye foleni. Nikaingiza namba ya siri. Mashine ikafikiri, ikalia, ikatoa kikaratasi: imekataliwa. Nikajaribu tena, ikakataa tena. Kikomo kilikuwa kinatosha, deni lilikuwa sifuri. Mfumo wa benki uliona mtu ambaye hununua vitu vidogo vidogo ghafla anataka kulipa mara 20 ya kawaida yake, ukadhani kadi imeibiwa. Ilinichukua dakika 40 kwenye simu, nimesimama kwenye korido.

Siku moja kabla ya lipo kubwa, piga simu benki, au angalia kwenye programu yao kama kuna sehemu ya kuongeza kiwango cha malipo kwa siku. Waambie kiasi, jina la mpokeaji na siku. Kama kikomo chako hakitoshi, omba kiongezwe wiki kadhaa kabla, au ilipe kadi mapema katikati ya mwezi ili nafasi ifunguke.

Jingine ambalo hukamata watu: ukumbi au hoteli inaweza kuzuia kiasi kwenye kadi yako kama dhamana ya uharibifu. Pesa hazijakatwa, lakini nafasi yako imepungua, na baada ya shughuli zuio hilo linaweza kuchukua siku kadhaa kuachiliwa. Uliza ni kiasi gani na uliweke kwenye hesabu yako.

Usiache lipo lolote lifanyike siku ya harusi yenyewe. Hakuna bwana wala bibi harusi anayepaswa kusimama mbele ya mashine ya kadi.

Hatua ya 8: Usitoe taslimu

Kutoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo ni mkopo wa aina nyingine. Kuna ada ya kutoa, riba yake mara nyingi ni kubwa zaidi, na inaanza siku hiyo hiyo bila siku hata moja ya nafuu. Na pesa ikishakuwa taslimu, ulinzi wote wa hatua ya 6 umekwisha. Baadhi ya benki huhesabu hata kuhamisha pesa kutoka kadi kwenda kwenye akaunti ya simu kuwa ni kutoa taslimu. Watu wanaotaka noti siku ya harusi, watafutieni pesa hizo kutoka akaunti ya kawaida na mziweke kando wiki moja kabla.

Hatua ya 9: Mambo yakiharibika

Anza na mtoa huduma. Mwandikie, usimpigie tu, na umpe siku za kujibu. Benki itakuuliza kama ulijaribu. Akikataa au akinyamaza, peleka malalamiko benki na ile bahasha yako. Eleza kwa mstari mmoja: nililipa nini, lini, nilitarajia nini, nikapata nini. Hadithi ndefu ya machungu humchosha anayesoma, na ana mafaili mengine mezani.

Usichelewe. Marekani, kwa sheria ya 1974 ya makosa ya ankara, malalamiko ya maandishi yanatakiwa kufika ndani ya siku 60 tangu stetimenti yenye kosa ilipotumwa. Endelea kulipa sehemu ya deni isiyo na mgogoro, ili usitozwe adhabu ya kuchelewa.

Kumbuka pia kwamba kutoridhika si sawa na kutopewa huduma. Mpiga picha ambaye hakutokea, pesa zinarudi. Mpiga picha ambaye picha zake hukuzipenda, ni kazi ngumu zaidi, na hapo mkataba ulioeleza idadi ya picha na saa za kazi ndio utakaosema kwa niaba yako.

Kwenye fungate

Mkisafiri nje ya nchi na mashine ikuulize kama unataka kukatwa kwa fedha ya kwenu au ya pale mlipo, chagua ya pale. Ile ya kwenu inaonekana ya kirafiki, lakini kiwango cha kubadilisha hupangwa na upande wa muuzaji, na mara nyingi ni kibaya. Kama kadi yako ina ada ya fedha za kigeni, ambayo kwa nyingi ni hadi asilimia 3, bebeni kadi nyingine isiyo nayo.

Baada ya harusi

Wiki ya kwanza mkirudi, fungueni stetimenti pamoja. Mpitie mstari kwa mstari na daftari la hatua ya 1, mkitia alama. Sisi tulikuta ada ya usafi tuliyokatwa mara mbili, tukarudishiwa kwa simu moja. Hakikisheni zuio la dhamana limeachiliwa.

Kama mlikuwa mnavuta deni na sasa mmelipa lote, msifunge kadi siku hiyo hiyo. Riba ya siku zilizokuwa kati ya stetimenti kufungwa na malipo yenu kufika huwa bado haijaandikwa, na hutokea kwenye stetimenti inayofuata kama kiasi kidogo kisichotarajiwa. Mtu anayedhani amemaliza haiangalii, kiasi kinapita tarehe, na adhabu ya kuchelewa inaanza juu ya deni ambalo hakujua analo. Subirini stetimenti hiyo, lipeni kilichomo, kisha subirini nyingine inayoonyesha sifuri.